Kura Tatu za Tabora na Mtihani wa Historia



Kila mwaka, majuma machache kabla ya mtihani, jambo moja hujirudia katika shule nyingi za nchi hii. Taa za bweni huwaka hadi usiku wa manane, na pasipo na umeme huwaka kandili. Mwanafunzi hushika daftari lake, hufumba macho, kisha hutamka: “TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.” Hufumbua macho, hulitazama daftari, huridhika, na kuendelea na tarehe nyingine. Asubuhi mwalimu akimwuliza tarehe ile, huitoa bila kusita. Lakini akiulizwa kwa nini iwe 1954 na isiwe 1944, au kwa nini watu waliokuwa tayari na chama chao waliona haja ya kukigeuza, hukaa kimya. Jambo hilo halimo katika daftari.

Mwanafunzi huyo si mvivu, maana mvivu hakeshi. Ametambua kwa akili yake mwenyewe kwamba mtihani una desturi zake. Kwamba swali la “taja sababu sita” hulipwa kwa sababu sita, hata kama zimepangwa kama magunia ghalani, kila moja peke yake. Mwalimu naye hana nafasi kubwa ya kufanya vinginevyo. Muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na matokeo yakitangazwa yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Basi habari za namna watu wa Tanganyika walivyojitoa katika kutawaliwa hufika darasani zikiwa zimekaushwa. Ajabu ni kwamba hasara yake huonekana kwanza katika mtihani wenyewe: aliyekariri akisahau jambo moja, yanayofuata yote humponyoka, kwa kuwa hapana kilichoyashikanisha.

Wako walimu ambao, kwa kuchoshwa na kasumba hiyo, wamefikia kusema kwamba tarehe si kitu na kwamba kinachotakiwa ni “kuelewa” tu. Hao nao wamekosea, na kosa lao pengine ni kubwa zaidi. Asiyejua kwamba Wameru walikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952, miaka miwili kabla ya kuzaliwa TANU, ataandika kwamba TANU ndiyo iliyowatuma; na wako wanaoandika hivyo kila mwaka. Tarehe ni kigingi. Hakijengi nyumba, lakini pasipo kigingi hakuna anayejua ukuta uanzie wapi.

Chukuliwe basi mfano huo wa Wameru. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, ili ardhi yao iunganishwe na mashamba ya walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, hadi New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton aliyetoka Bermuda. Alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza yaliyotendeka. Baadaye shauri lilifika mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na huko azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili za kura zilizohitajika. Kwa maneno mengine, Wameru walishindwa.

Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kusita kidogo na kuuliza swali ambalo halimo katika karatasi za mitihani iliyopita: kama walishindwa, mbona wamo katika historia ya uhuru? Wanafunzi watajikuna vichwa, na wakijikuna ndipo kazi imeanza. Wako watakaogundua kwamba shauri lililoshindwa New York halikukoma kule. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka nchini akisimulia aliyoyaona, na watu wa sehemu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na Meru wakatambua kwamba lililowapata Wameru lingeweza kuwapata wao pia. Malalamiko ya kabila moja yakawa hoja ya nchi nzima. Watatambua tena kwamba wakati ule hakikuwako chama cha kulibeba shauri kama lile kutoka wilaya moja hadi nyingine. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929 na baadaye kuitwa Tanganyika African Association, ilikuwa na matawi, na ilikuwa na watu wenye heshima zao. Lakini haikuwa imejengwa kwa kazi ya namna ile. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa miguu yake mwenyewe hatasahau tena kwa nini ilikuwa 1954.

Katika mfano huohuo limo neno moja ambalo hukosewa mno. Wanafunzi huandika kwamba Tanganyika ilikuwa “koloni la Mwingereza”. Kwa mwananchi aliyelipishwa kodi na kulimishwa matuta kwa amri, pengine tofauti haikuonekana. Mkoloni ni mkoloni. Lakini kwa sheria, baada ya Mjerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Mwingereza kwa mamlaka ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia Desemba 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwingereza alikuwa na mtu wa kumwuliza. Kirilo Japhet alikuwa na mlango wa kubisha. Mkikuyu aliyenyang’anywa ardhi yake Kenya hakuwa na mlango huo, kwa sababu Kenya ilikuwa koloni hasa. Na tarehe 20 Oktoba mwaka uleule wa 1952 Kenya ikatangaziwa hali ya hatari. Hapana budi mwalimu aonye hapa kwamba udhamini haukuwaletea Watanganyika uhuru kama zawadi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulitoa maoni kwamba nchi ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: kama maoni hayo ndiyo yangefuatwa, babu zake wangengoja hadi miaka ya 1970. Uhuru ulikuja baada ya miaka 7. Swali la mtihani lililo bora kuliko yote juu ya Tanganyika ni hili: miaka ile mingine ilikwenda wapi?

Watumishi wa umma waliomo katika mkutano huu wana sehemu yao katika jibu, nayo si sehemu ya kujivunia tu. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa Tanganyika African Association. Wengi wa Waafrika waliosoma wakati ule walikuwa makarani, waganga wasaidizi na walimu wa shule za serikali. Mshahara wao ulitoka kwa yuleyule waliyetaka aondoke. Baadhi walijitoa chamani. Baadhi waliendelea kusaidia gizani, kwa fedha na kwa kuandika barua zisizo na jina. Walimu wa shule za misheni hawakufungwa na katazo lile moja kwa moja, na Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, alikuwa mmoja wao. Lakini mwaka 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa, hata yeye ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Katika daftari la mwanafunzi jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja: “Nyerere alijiuzulu ualimu.” Mstari huo hauonyeshi kwamba alikuwa na mke na watoto, na kwamba kazi aliyoiendea haikuwa na mshahara wa kutumainiwa.

Katazo lile lilikuwa na matokeo ambayo hapana shaka Twining hakuyatarajia. Wasomi walipofungwa midomo, chama kililazimika kuwaendea wasiokuwa na cha kunyang’anywa: wachuuzi, madereva, wakulima, na hasa wanawake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuongoza wanawake wa TANU. Hakwenda kutafuta wanachama katika ofisi. Alikwenda katika vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wake, mifuko yake ya fedha na nidhamu yake, na kwa muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Mwanafunzi anayetaka kujua namna chama kilivyoenea haraka kiasi kile asitafute sababu mbali. Jumuiya zilikuwako, zilihitaji kuambiwa tu.

Na kwa kuwa historia ni ushahidi, mwalimu asiishie hapo. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969 kwa kosa la uhaini, akahukumiwa mwaka 1971, akaachiwa mwaka 1972. Na kwa miaka mingi jina lake halikusikika sana madarasani. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na wanafunzi huipita kila siku ndani ya daladala bila kujua aliye na jina hilo alifanya nini. Aliyefungwa mwaka 1971 ni yuleyule aliyewatoa wanawake majumbani mwaka 1955. Mambo yote mawili ni kweli, na kijana wa miaka 17 ana akili ya kutosha kuyabeba yote mawili.

Vijijini nako kulikuwa na yao. Katika milima ya Uluguru mwaka 1955 watu walikataa kulima matuta kwa amri ya bwana shamba, na damu ikamwagika. Geita, mwaka 1958, maelfu waliandamana hadi Mwanza kwa kuchukizwa na baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi lililowekwa juu yao. Katika Jimbo la Ziwa TANU yenyewe ilikataliwa kuandikishwa kwa miaka kadhaa, hadi 1958. Lakini wakulima wa pamba walikuwa na vyama vyao vya ushirika, na mwanachama wa ushirika hakuhitaji kufundishwa maana ya kunyonywa, alikuwa ameiona kwenye mzani. Mwalimu wa Mwanza au wa Morogoro anayefundisha uhuru bila kutaja mambo ya wilaya yake mwenyewe, na kukimbilia Dar es Salaam tangu kipindi cha kwanza, anajinyima kifaa cha kufundishia kilicho mlangoni pake.

Sasa kuna jambo moja ambalo lastahili kupewa kipindi kizima, ikiwezekana viwili, hata kama itabidi mengine yapitwe haraka. Jambo hilo ni mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958. Katika madaftari mengi limo kwa maneno manne: “Mkutano wa kura tatu.” Mwanafunzi akiulizwa, hulitaja, hupata alama yake moja, huenda zake. Lakini katika historia yote ya kudai uhuru wa Tanganyika, pengine hakuna siku ambazo mambo yangeweza kwenda upande mwingine kwa urahisi kama siku zile.

Hali ilikuwa hivi. Serikali ilikubali kwamba kwa mara ya kwanza baadhi ya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria wachaguliwe kwa kura. Lakini iliweka masharti. Kila jimbo la uchaguzi litoe wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura, atake asitake, apige kura tatu, moja kwa kila rangi. Asiyetimiza zote tatu, kura yake imeharibika. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu yapata 20,000; na hao wakapewa viti sawasawa. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kilichotajwa. Mkulima aliyeuza kadi za TANU kijiji kwa kijiji, kwa baiskeli, kwa sehemu kubwa hakuwa na haki ya kumpigia mtu kura. Waliojiandikisha nchi nzima walikuwa kama 60,000.

Je, chama kiingie katika uchaguzi wa namna hiyo, au kiususie? Swali hilo na liandikwe ubaoni, na mwalimu akae kimya.

Wanafunzi walio wengi, wakiwa hawajui mwisho wake, husema chama kisusie. Nao wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa wajumbe wengi waliofika Tabora walikuwa na moyo huohuo. Kuingia ni kukubali kwamba Mzungu mmoja ni sawa na Waafrika mamia. Kuingia ni kumwambia mwanachama aliyechanga shilingi zake kwamba yeye hafai kupiga kura na kwamba chama chake kimeridhika na hilo. Na zaidi ya yote, TANU wakati ule ilikuwa chama cha Waafrika watupu; ingewaungaje mkono wagombea Wazungu na Waasia ambao haiwezi hata kuwapa kadi? Hizo zilikuwa hoja nzito. Walioleta hoja hizo hawakuwa wasaliti wala wajinga, na mwalimu anayewaonyesha hivyo darasani anawadhulumu wao na kuwadhulumu wanafunzi.

Upande wa pili nao una yake. Mwaka 1956, kwa baraka za Gavana, ulikuwa umeanzishwa United Tanganyika Party, uliohubiri siasa ya rangi tatu. TANU ikikaa nje, viti vyote vitakwenda kwa watu hao. Kisha serikali itasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kusema kwamba wawakilishi wa Waafrika ndio hao, na kwamba wanaopiga kelele nje hawana walichokataliwa. Kutoka barazani ni rahisi. Kuingia tena, baada ya wengine kukaa, ni kazi nyingine.

Nyerere alisimama upande wa kuingia, na hapo pana swali lingine ambalo mwanafunzi mwerevu huliona mwenyewe. Mwezi Desemba 1957, mwezi mmoja tu kabla ya Tabora, Nyerere alijiuzulu ujumbe wa Baraza lilelile la Kutunga Sheria. Mtu aliyetoka Desemba awezaje kuwashawishi wenzake Januari waingie? Anayekariri atasema alibadili mawazo. Anayefikiri ataona kwamba kiti kile cha kwanza alipewa na Gavana, na aliyempa angeweza kumpuuza, kama alivyompuuza. Ila kiti cha kuchaguliwa kina watu nyuma yake. Tofauti ya mjumbe aliyeteuliwa na mjumbe aliyechaguliwa, ambayo katika somo la uraia hufundishwa kwa maneno makavu, hapa imo ndani ya uamuzi wa mtu aliyehatarisha uongozi wake.

Mkutano ulijadili kwa siku kadhaa, kisha ukakubali kuingia. Zuberi Mtemvu hakukubali; alijitenga na kuanzisha African National Congress mwaka uleule. Chama kilipasuka, basi, ingawa si kwa ufa mkubwa, na mwanafunzi aandike hivyo. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, Waafrika, Waasia na Wazungu, miongoni mwao Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Ile sheria ya kura tatu, iliyotungwa ili kumgawa Mwafrika, iligeuka: ilimlazimu mgombea Mzungu na mgombea Mwasia waje kuomba kura za Waafrika, nao wenye sauti juu ya kura hizo walikuwa TANU. United Tanganyika Party haukupata kiti hata kimoja. Oktoba 1958 Gavana mpya, Turnbull, alikiri hadharani kwamba serikali ya baadaye ya Tanganyika itakuwa na Waafrika wengi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Na kile cha 71, cha Mbulu, kilichukuliwa na mwanachama wa TANU aliyesimama kinyume cha mgombea wa chama chake. (Wanafunzi hupenda sana habari hiyo ya Mbulu, na si vibaya waipende.) Mwezi Septemba 1960 serikali ya madaraka ikaundwa, Mei 1961 ikaja serikali ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 uhuru.

Namna ya kulifundisha hilo kwa ajili ya mtihani ni rahisi, wala haihitaji fedha. Darasa ligawanywe mara mbili, upande mmoja utetee kuingia, upande mwingine utetee kususia, na wote wakatazwe kutaja jambo lolote lililotokea baada ya Januari 1958. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Mara ya kwanza watalivunja kila dakika: “Lakini tulishinda!” Mwalimu awakumbushe kwamba hakuna aliyeshinda bado, kwamba wanaosema hayo wako Tabora, na mwezi wa Septemba haujafika. Wakishazoea, huanza kutafuta sababu zilizokuwako kweli siku ile, na katika kutafuta hulazimika kuzishika tarehe bila kuambiwa wazishike: nani alikuwa Gavana, chama kipi kilikuwa kimeanzishwa, Nyerere alikuwa ametoka barazani lini. Kazi iliyowashinda kwa kandili na kufumba macho huisha mchana kweupe.

Kuna kazi ya pili, na hii haina muda wa kungoja mtaala wala mwaka mwingine wa fedha. Mwaka 1968 na mwaka uliofuata, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walifika kwa kuchelewa, miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita, lakini wakawakuta wazee waliokuwa watoto wakati wa vita. Waliyoyaandika yakawa miongoni mwa hazina kubwa za historia ya nchi hii, maana kabla ya hapo karibu kila kilichojulikana kilitoka katika karatasi za Wajerumani, yaani katika maandishi ya aliyeua. Sasa hesabu ifanywe kwa upande wa TANU. Aliyekuwa na miaka 18 wakati wa mkutano wa Tabora alizaliwa mwaka 1940. Aliyeanza kuhudhuria mikutano ya 1955 akiwa mtu mzima ana umri mkubwa zaidi ya huo, kama yu hai. Miaka 60 na zaidi imepita tena, kama ile ile ya Maji Maji, na safari hii hakuna Mjerumani wa kulaumiwa kwa karatasi zitakazokosekana.

Basi mwalimu anayewaandaa wanafunzi kwa mtihani wa Novemba awape kazi ya likizo ya Juni. Kila mmoja amtafute mzee mmoja, babu au bibi wa jirani, amwulize mambo matatu au manne: kadi aliinunua wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, mkutano wa kwanza alioufikia ulikuwa wapi na nani alisema, nani katika kijiji alikuwa akiogopwa. Asimwulize “umuhimu wa uhuru”, kwa maana atajibiwa hotuba. Aandike kama alivyosikia, na jina la kijiji na tarehe. Wako wazee watakaosema hawakujiunga, kwa sababu walimwogopa jumbe au bwana shauri, na hayo nayo yaandikwe vilevile. Madaftari hayo yasitupwe baada ya kusahihishwa. Maktaba ya shule, hata ikiwa kabati moja, ina nafasi.

Makosa mengine ya kawaida yatajwe kwa kupita tu. Mwaka 1961 iliyopata uhuru ni Tanganyika. Tanzania haikuwako hadi 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Tarehe 9 Desemba 1962 ni siku ya Jamhuri, na isichanganywe na ile ya mwaka uliotangulia. Hukumu ya mwaka 1958, ambapo Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa maneno aliyoyaandika juu ya mabwana shauri, isigeuzwe kuwa kifungo: faini ililipwa. Na usemi kwamba uhuru ulipatikana “bila kumwaga damu” usiandikwe bila kutazama nyuma. Nyerere mwenyewe, alipokuwa mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alianza kwa kuikumbuka damu ya Maji Maji.

Inabaki habari ya lugha na ya kusahihisha. Kwa miaka mingi kijana wa sekondari alisoma habari za Wameru, za Bibi Titi na za Tabora kwa Kiingereza, habari za watu ambao karibu kila neno walilosemezana lilikuwa la Kiswahili. Haikuwa ajabu akikariri, kwani hakuwa na maneno mengine ya kuweka mahali pa yale ya daftari. Sasa liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na udhuru huo umepungua. Kijana ana maneno. Litakalomrudisha katika kukariri si lugha tena, ila kalamu nyekundu ya msahihishaji.

Msahihishaji huyo, awe wa jaribio la shule au wa mtihani wa taifa, atakutana siku moja na karatasi inayosema kwamba TANU ilikosea kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Mwandishi wake atakuwa ameeleza sharti la rangi tatu, paundi 150 na darasa la nane. Atakuwa amemtaja Mtemvu na sababu zake. Atakuwa amekiri kwamba wagombea wa TANU walishinda, kisha akasema kwamba ushindi wa baadaye hauthibitishi kwamba Januari ile waliojua walikuwa wengi. Katika mwongozo wa kusahihisha jibu hilo halimo. Lakini kila jambo alilolitaja ni la kweli, limepangwa kwa mwaka wake, na limeshikana na jingine. Apewe alama zote.